Naongoza vijana Umra pamoja na ziara, ratiba niliyoletewa inanitia wasiwasi

mwl_wa_Tanga:
Assalaam alaykum wakuu, wenye uzoefu naomba mnisaidie. Mimi ni ustadh wa sekondari moja hapa Tanga, mwezi wa 12 inshaallah nimekabidhiwa msafara wa vijana wetu waliomaliza, wengi sasa wako chuo, wote wameshatimiza miaka 18, ni kama thelathini hivi na wasichana ndio wengi. Wakubwa tunaokwenda nao ni mimi, ustadh mwenzangu na bi mkubwa mmoja kwa upande wa wanawake. Umra nimeshakwenda ila nilikwenda kama mtu wa kawaida tu, naamshwa, naambiwa basi lile pale panda, sasa zamu hii mimi ndio wa kuwaamsha watu.

Ratiba ya taasisi ndiyo tatizo. Tunatua Jeddah tukiwa na ihramu (vazi na hali ya kuingia kwenye ibada ya Umra), moja kwa moja Makka siku tatu, kisha Madina siku tano, kisha usiku mmoja Jeddah tunarudi. Hizo tatu za Makka wamejaza Umra, Jabal Nur, Jabal Thawr, Mina, Arafa, Muzdalifa, halafu eti na Taif juu yake. Wazazi nao kikao cha juzi wamegawanyika, kuna wanaosema mtoto kapelekwa ibada hayo ya kutembezwa milimani hawayataki, na kuna baba mmoja kasimama akasema mimi nimeuza ng'ombe, mtoto akirudi hajauona hata mlima Uhud nitamdai nani? Watu wamecheka lakini hoja yake ipo.

Nyie mliowahi kuongoza vijana, hii ratiba mngeigeuzaje? Na pale Haram, msikiti mkuu, mnawashikaje wasipotee, maana hawa kila mmoja ana simu na kila mmoja anataka kona yake ya kupigia picha.

Bi_wa_Ngambo:
Wa alaykum salaam ustadh. Ratiba hiyo ipindue yote, anzeni Madina. Kundi la vijana kuvalishwa ihramu tangu safarini, wajichunge na manukato, wavulana wasijifunike kichwa na kile kipupwe cha kwenye ndege, wakitua Jeddah foleni ya uhamiaji, halafu basi, wanaingia Makka hoi ndio waambiwe haya twendeni tukatufu, tuizunguke Kaaba. Mkianza Madina mnasafiri na nguo zenu, mnapumzika, darsa za manasik, yaani taratibu za ibada yenyewe, mnazisomea pale pale na akili zimetulia, na mkitoka mnahirimia Abyar Ali, ndiyo Dhul Hulayfa, miqati (mahali pa kunuia ihramu) ya Madina, kilomita kama kumi tu kutoka Msikiti wa Mtume (s.a.w.). Hata tiketi zikiwa za Jeddah haidhuru, mwenye kukusudia Madina kwanza hapiti pale na ihramu, na treni ya kwenda Madina inaondokea hapo hapo uwanja wa ndege.

Lakini sababu kubwa ni nyengine, na ndiyo nyie wanaume mnaopanga ratiba hamuifikirii kabisa: hedhi. Una wasichana wengi, hakuna msafara wa namna hiyo ambao wote watakuwa tohara siku moja. Msichana akiingia Makka na hedhi anakaa na ihramu yake, hatufu mpaka atoharike, sasa kwa siku tatu utamfanyaje, na ndege haimsubiri? Na asiambiwe avuke miqati bila kuhirimia eti kwa sababu yuko hedhini, Bibi Asma bint Umays alijifungua pale pale Dhul Hulayfa na akaamrishwa na Mtume (s.a.w.) aoge ahirimie. Kwa hiyo Makka iwe mwisho na iwe ndefu, ukipata siku saba ni bora, Madina zibaki nne. Bi mkubwa wenu azungumze na kila msichana faragha mapema, tarehe aziandike kwenye daftari lake mwenyewe na si kwenye grupu la WhatsApp tafadhali sana. Wanaotaka vidonge vya kuchelewesha waende kwa daktari kabla ya safari, wasije kugawiana hotelini, maana vidonge vikimezwa ovyo vinaleta matone yasiyokatika na hapo ndio mtihani wa tohara unakuwa mkubwa zaidi. Na ile kauli ya kuweka sharti wakati wa kunuia, kwamba nikizuiliwa natoka kwenye ihramu pale nilipozuiliwa, hadithi ya Bibi Dhubaa, muulizeni shekhe wenu huko huko Tanga mjue mnafuata nini, msije kufungua mjadala ndani ya basi.

Halafu bi mkubwa mmoja hatoshi. Atakayebaki hotelini na wenye udhuru nani, na atakayewapeleka wengine Haram nani?

msomi_Madina:
Mimi nasoma huku Madina, namuunga mkono Bi wa Ngambo asilimia mia. Kuhusu ziara, huyo baba wa ng'ombe mwambieni atulie, Madina asubuhi moja inatosha mkiwahi kutoka. Anzeni Uhud kwenye makaburi ya mashahidi, ni sabini akiwemo Sayyidna Hamza, pitieni msikiti wa Qiblatain, malizieni msikiti wa Quba mkaswali rakaa mbili, adhuhuri mko Haram. Uhud kuna kile kilima kidogo cha warusha mishale walioambiwa wasiondoke, wapandishe pale halafu usiwape hotuba ndefu, waulize tu, ungekuwa wewe hapa juu ukaona wenzio kule chini wanaokota ngawira, ungebaki? Kijana aliyesoma habari ya vita vya Uhud vya mwaka wa 3 Hijria darasani miaka yote hajui kwamba kile kilima ni kifupi hivi na uwanja uko karibu hivi, akisimama pale mwenyewe ananyamaza. Mimi nimewatembeza watu wazima wa kila aina na hakuna sehemu wanapouliza maswali kama hapo.

Rawdha, ile sehemu ndani ya Msikiti wa Mtume, ni kwa kibali cha Nusuk, programu ya simu ya Saudia, kila mtu na akaunti yake, kila mtu na saa yake, wanaume mbali na wanawake mbali, na nafasi ya kawaida ni mara moja kwa mwaka. Msisubiri mfike ndio muanze kutafuta intaneti, mkishapata viza tu kaeni mezani simu zote pamoja mjaribu kupata saa zinazokaribiana. Msichana mmoja mmoja wasipewe saa za peke yao usiku halafu mtu hana wa kumsindikiza. Na makaburi ya Baqii wanaingia wanaume, wasichana waambiwe mapema wasije kufika mlangoni wakajisikia vibaya.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye ratiba ya taasisi yoyote: Chuo Kikuu cha Kiislamu huku kipo tangu 1961 na watu wa Afrika Mashariki hawajawahi kukosekana, Watanzania, Wakenya, Wakomoro. Masheikh wenu waliosoma huku wanawajua waliopo sasa. Panga jioni moja wavulana wakae nasi kwa chai, waulize habari za masomo na skolashipu, maana wengi hawajui hata pa kuanzia. Hiyo ni ziara pia.

Abuu_Mtwapa:
Mimi nitatofautiana nanyi kidogo munisamehe. Ziara za Madina sawa, za Makka kateni. Arafa, Mina na Muzdalifa muzione mukiwa ndani ya basi, nusu siku yatosha, wapate picha kichwani ya Hijja siku wakijaaliwa. Jabal Nur yataka saa nzima au zaidi kupanda, ngazi juu ya ngazi, na ukifika kule pango la Hira ni kusukumana watu wapige picha, na si katika manasik hata kidogo. Muuangalie mlima kutoka chini, hadithi ya Iqra munaweza kuisimulia mukiwa munakunywa maji baridi. Thawr ndio kabisa usijaribu.

Taif nayo iondoeni. Iko nje ya miqati, mukirudi Makka kwa nia ya Umra yabidi muhirimie Qarn al-Manazil, sasa kwa kundi lenye wasichana ambao wengine hata Umra ya kwanza bado hawajaimaliza, huo ni mzigo gani? Wakala aipenda Taif kwa sababu yaonekana vizuri kwenye kipeperushi.

Na jengine, mutashawishiwa mutoke Madina kwa treni ya Haramain. Treni ni nzuri, kilomita 300 kwa saa, vijana watafurahi, lakini haisimami Abyar Ali. Yabidi watu wavae ihramu hotelini na wanuie ndani ya behewa, na kuna wawili watakuwa wamesinzia na mmoja yuko choo. Basi lasimama, watu waoga, waswali, munanuia pamoja munasikia talbia yenu wenyewe, ile labbaika, ile raha wacha tu. Treni muipande siku ya kutoka Makka kwenda Jeddah.

mwl_wa_Tanga:
Maashaallah, shukran sana, nimeyasoma yote na mwenzangu nimemtumia. La hedhi kusema kweli hakuna aliyelitaja kwenye vikao vyetu vyote, nimempelekea bi mkubwa ujumbe akanijibu "alhamdulillahi mmekumbuka", yaani yeye alikuwa nalo moyoni anaona haya kulisema mbele ya wazee. Tunaongeza mwalimu wa pili wa kike. Taasisi wanasema kugeuza kuanzia Madina inawezekana, wanalalamika hoteli ya Makka siku zikiongezeka bei inapanda, nimewaambia watuhamishie hoteli ya mbali kidogo yenye basi la kwenda na kurudi Haram.

Bado kuna la kupotea, na la afya.

Nesi_Temeke:
La afya nitajibu mimi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ile ya ACWY, ni lazima kwa kila anayekwenda Umra na iwe imechomwa siku 10 kabla ya kufika, kwa hiyo msiiache wiki ya mwisho. Kadi za chanjo akusanye mtu mmoja pamoja na kopi za pasi, vijana hawa kadi ya manjano wataitumia kuwekea alama kwenye kitabu.

Vitu ambavyo hakuna mtu anawaambia: wavulana na ihramu ni michubuko ya mapaja, wanene na wembamba wote, wachukue Vaseline isiyo na harufu wajipake kabla. Ndala wazivae mtaani kwao wiki mbili kabla ziwe zimezoea mguu, wasinunue mpya. Desemba Madina usiku na alfajiri kunakuwa na baridi kweli, watoto wa Pwani wanakwenda na kanzu moja nyepesi halafu siku ya pili wote wanakohoa, sweta ni lazima, ila wavulana wakiwa na ihramu ndio hawalivai. Kunyoa waende saluni, wembe ufunguliwe mbele yao, wale wanaonyoa watu barabarani waachane nao. Mwenye pumu, kisukari, sikoseli, dawa zikae begi la mkononi pamoja na barua ya daktari, na wewe kiongozi ujue ni nani na nani. Sikoseli hasa, maji na baridi, msimchukulie poa.

Abuu_Mtwapa:
Kupotea ustadh watapotea tu, cha muhimu ni akipotea ajue la kufanya. Wagawe sita sita, kila sita na mkubwa wao, na hawa wakubwa ndio wewe uwahesabu, usihesabu watu thelathini kila mlangoni utapata kichaa. Ndani ya mataf, uwanja wa kuizunguka Kaaba, musishikane mikono mnyororo mrefu, mutaumiza watu na mutaumizwa. Kanuni iwe moja: aliyepotezana na wenziwe asirudi kinyume kuwatafuta, amalize tawafu yake, aswali, anywe zamzam, afanye sa'ai yake baina ya Safa na Marwa, kisha aende mahali pa kukutania. Mahali penyewe pawe mlango wenye namba, kwa mfano mlango wa Mfalme Fahd ni 79, musiseme "pale karibu na saa kubwa" kwa sababu ile saa yaonekana kutoka kila upande. Kila mmoja awe na kadi ya hoteli yenye Kiarabu mfukoni, si kwenye simu, simu huzima.

Pia waelezwe kabisa kwamba chini kule mataf huruhusiwa wanaume wenye ihramu na wanawake, mvulana akirudi kesho na kanzu yake atapelekwa ghorofani na mzunguko kule juu ni mrefu mno. Kila mara kuna kijana anagombana na askari kwa sababu hii. Na sa'ai si mchezo, Safa hadi Marwa ni kama mita 450, mara saba, zaidi ya kilomita tatu hizo, kwa hiyo wale kitu kabla.

Picha: wakubaliane simu zisitoke mfukoni mpaka mtu apunguze nywele, Umra imekwisha. Baada ya hapo wacha wapige, ni vijana.

fundi_Jeddah:
Nimechelewa kuuona huu uzi. Huo usiku wa Jeddah musiumalizie kwenye mol. Nendeni Al-Balad baada ya alasiri, mji wa zamani, uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2014, nyumba za mawe ya matumbawe na yale madirisha makubwa ya mbao yanayotokeza nje, Bait Nassif ndiyo maarufu. Mtoto wa Tanga au Unguja akifika pale anaanza kugusa kuta, maana ni matumbawe yale yale na chokaa ile ile ya kwao. Mimi huwapeleka wageni kutoka nyumbani wote hapo na hakuna aliyelalamika. Chakula ni bei nafuu kuliko mol, samaki wapo. Riali hubadilishwa 3.75 kwa dola, haipandi haishuki, anayekupa chini sana anakuibia.

Zamzam musitie kwenye masanduku, huko kwenye mashine wanayatoa. Uwanja wa ndege yanauzwa kwenye boksi lake, lita tano.

mwl_wa_Tanga:
Allah awalipe kheri. La mwisho nisiwachoshe, hilo basi la Madina kwenda Makka tuondoke saa ngapi? Taasisi wanataka baada ya Isha ili "tuokoe siku".

msomi_Madina:
Usikubali. Ni kilomita kama 450, na kusimama Abyar Ali na kundi kubwa ni saa nzima, mtaingia Makka usiku wa manane na nusu yao watataka kulala na nusu watataka kutufu. Tokeni saa tatu asubuhi mkishakunywa chai, mtafika alasiri, wale, walale kidogo, Umra baada ya Isha. Na dereva mwambieni mapema kwamba miqati mtakaa, wengine huwa wanapiga honi.