Rivyu mbili za prosesa zinapingana, nimwamini nani?

Uyole_PC: Wakuu, nataka kuunda mashine ya kuhariri video za harusi na gemu kidogo. Kadi ya picha ninayo, GTX 1650. Nimebakiza Core i5-13400 ya Intel na Ryzen 7 5700X ya AMD. Rivyu moja inasema Intel kamwacha mwenzake mbali, nyingine inasema ngoma droo. Nani kapima kwa haki?

fundi_mwanjelwa: Mkuu, grafu ziache kwanza, nenda pale walipotaja vifaa. Asiyesema katumia mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) gani, ramu gani na kipozeo gani, achana naye. Hiyo 13400 Intel wameipangia wati 65 kwa kazi ndefu na 148 kwa muda mfupi. Mazabodi nyingi za bei kubwa zinakuja kizuizi hicho kimeshafunguliwa, prosesa hairudi tena kwenye 65. Ukiichomeka kwenye mazabodi ya H610 ya bei chee inayofuata kanuni hiyo ya wati, alama za kwenye rivyu huzipati ng'o. Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, inatakiwa izunguke dakika 10 huku HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, ikionyesha wati. Aliyepima mara moja fasta kapima mbio za mwanzo tu.

Ramu nayo. 13400 inakubali aina mbili, DDR4 na DDR5 iliyo mpya zaidi, 5700X ni DDR4 tu. Kwa hiyo angalia rivyu imetumia ipi.

Kihesa_22: Naongezea upande wa video, maana hapo ndipo watu wanapigwa. 13400 ina chipu ya picha ndani yake, na Quick Sync yake (sehemu ya chipu hiyo inayoshughulikia video) inasaidia sana kufungua faili za video za aina ya H.264 kwenye Premiere, programu ya kuhariri. 13400F haina, 5700X haina. Kwa hiyo angalia kama kuna herufi F mwishoni, ni prosesa nyingine kabisa kwa kazi yako.

Kwenye gemu, anayepima kwa ukubwa wa picha wa 1080p na RTX 4090, kadi ya picha yenye nguvu sana, hapendelei mtu. Anaondoa kadi njiani ili prosesa ndiyo ionekane. Kwa 1650 yako tofauti hiyo utaisikia kwa wenzako tu, mwenyewe huioni.

Halafu tazama mstari wa chini wa grafu unaanzia ngapi. Ukianzia 90, mwenye 100 anaonekana mara mbili ya mwenye 95.

baridi_ya_juni: Mfano wa kwa nini mipangilio iandikwe: mwaka 2018 kampuni ya upimaji ya Principled Technologies, wakilipwa na Intel, walipima Ryzen 7 2700X ya AMD ikiwa kwenye Game Mode, yaani nusu ya kori (vitengo vya kazi vya prosesa) zimezimwa. Waliandika mipangilio yao, ndiyo maana watu waliwagundua. Na joto la prosesa: nyuzi 70 kwenye baridi ya Mbeya mwezi wa sita si nyuzi 70 kwenye joto la Kyela. Rivyu bila joto la chumba, hiyo sehemu iruke.

Uyole_PC: Nimerudi kuangalia. Ya kwanza: DDR5, kizuizi cha wati kimefunguliwa. Ya pili: DDR4, wati 65.

fundi_mwanjelwa: Na wewe unanunua H610 ya DDR4? Basi soma ya pili.