Mjadala: Kompyuta za Windows 10 huku Kusini, tuzipige Linux au tununue nyingine?

Mleta mada, Masasi
Wakuu, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), steshenari na shule za Mtwara na Lindi ni mitumba ambayo Windows 11 haiikubali. Kuna wanaosema tuhamie Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kuna wanaosema tununue mpya, na wengine wanasema tuache kama ilivyo. Karibuni, ila njooni na vipimo. Ushabiki hautatufikisha popote.

Fundi kompyuta, Mtwara mjini
Tuanze na kujua mashine ipi inakataliwa, maana watu wanauziwa mzigo bila kujua. Tazama namba ya prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, TPM 2.0 (chipu ya usalama), UEFI yenye Secure Boot (programu ya kuwashia mashine inayokagua mfumo kabla ya kuufungua), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3 imeachwa nje, 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 imo. ThinkPad T470 za kawaida nje, T480 yenye kizazi cha 8 ndani. Ukiwa dukani bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 uone prosesa, kisha tpm.msc uone toleo la TPM. Ni dakika mbili tu, na muuzaji asiyetaka ufanye hivyo muache na mali yake.

Rufus, programu ya kuandika mfumo endeshi kwenye flashi, inaweza kuyaruka masharti hayo na Windows 11 ikaingia. Siishauri kwa ofisi. Mashine hiyo haina ahadi yoyote ya kuendelea kupata apdeti, na toleo jipya likitoka utarudia kazi kwa mkono.

Msimamo wangu: kizazi cha 7 kushuka chini, weka Linux Mint ya Xfce, aina nyepesi ya Linux. Inatembea kwa RAM ya GB 2, ingawa 4 ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha, na toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029. Kabla ya hapo toa diski ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya GB 240. Uzito mwingi unaolaumiwa kwa Windows unatoka kwenye hiyo diski.

Karani wa AMCOS, Newala
Fundi, umezungumzia mashine, hujazungumzia kazi. Chama kinachotunza vitabu kwa Tally, programu ya uhasibu, kitafanyaje? Tally haina toleo la Linux. Kuipitisha kwenye Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ni kubahatisha, na hesabu za malipo ya wakulima hazibahatishwi. Excel yenye makro (amri zinazojiendesha) nayo ukiifungua kwa LibreOffice Calc, mbadala wa bure wa Excel, jedwali linaonekana sawa lakini vitufe vinagoma au vinatoa makosa. Mkaguzi akija hatapokea maelezo kwamba mfumo endeshi umebadilishwa.

Halafu Windows 10 haijafa siku hiyo uliyoitaja, mleta mada. Kwa watumiaji wa nyumbani upo mpango wa viraka vya nyongeza vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kwa ofisi vinauzwa, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inapanda kila mwaka.

Fundi kompyuta, Mtwara mjini
Kwa Tally nakubali bila ubishi, mashine ya vitabu ibaki Windows. Lakini MUVU (mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika) na NeST (mfumo wa ununuzi wa umma) vinafunguliwa kwenye kivinjari, na Firefox au Chrome ya Linux inavifungua. Chama chenye kompyuta tatu hakihitaji zote tatu ziwe na Windows kwa sababu ya Tally iliyo kwenye moja.

Mwenye steshenari, Lindi mjini
Hapa kwetu kinachoamua ni printa. Epson L3110 na L3210 zinachapa kwenye Linux, na skana inapatikana ukiweka Epson Scan 2. Ila pedi inayonyonya wino wa ziada ikijaa na taa zikaanza kuwaka kwa zamu, ile programu ya kurudisha hesabu ya pedi kuwa sifuri ni ya Windows. Canon LBP2900 inatumia lugha yake ya CAPT na draiva yake ya Linux (programu inayoiunganisha kompyuta na printa) inasumbua sana: leo inachapa, kesho kazi inakwama kwenye foleni. Mwenye hiyo asihame. Photoshop na CorelDRAW hazina toleo la Linux. GIMP, programu ya bure ya picha, inatosha picha za pasipoti, lakini kijana aliyezoea Photoshop mpe muda kabla hujamlaumu kwa foleni ya wateja.

Pamoja na hayo, mashine inayopokea flashi za wateja mimi naitetea iwe Linux. Vile virusi vya shotikati vinaficha folda halisi na kuacha faili za .lnk na .vbs. Kwenye Windows mteja akibofya tu, mashine imeshaambukizwa. Linux haiziendeshi, na folda zilizofichwa zinaonekana wazi, unafuta hizo .lnk na .vbs na kazi ya mteja imepona. Kwenye Windows kazi hiyo hiyo inataka uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na uombe mashine yako iwe salama.

Mwalimu wa TEHAMA, Nachingwea
Naona hakuna anayetaja Windows za kukraki, yaani zinazotumika bila leseni. Kihalali ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kiufundi ni hatari zaidi: vifaa vingi vya kukrakia vinakutaka uzime ulinzi kwanza, na ukishauzima hujui ulichokaribisha. Ofisi inayoshika namba za akaunti za wakulima haina haki ya kufanya hivyo.

Na wanaosema programu huria ni ngeni kwetu wakumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi, kwa Kiswahili.

Kuhusu barua kuvurugika: mara nyingi tatizo ni fonti. Calibri haimo kwenye Linux. Weka Carlito, upana wa herufi zake ni ule ule, mistari haihami.

Fundi kompyuta, Mtwara mjini
Kwa wanaotaka kujaribu: pakua Mint, karibu GB 3, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus. Washa mashine ukibonyeza F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo. Mint inafunguka toka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo jaribu printa, sauti, Wi-Fi. Wi-Fi za Broadcom mara nyingi hazionekani mwanzoni. Unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti, fungua Driver Manager uweke draiva.

Ukitaka mifumo miwili kwenye diski moja, nakili kwanza funguo ya BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski) yenye tarakimu 48, la sivyo ukibadilisha Secure Boot unaweza kufungiwa nje ya faili zako. Zima pia Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), maana inaiacha diski ya Windows katika hali ambayo Linux itaisoma tu bila kuandika. Umeme ukikatika katikati ya apdeti, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, uandike sudo dpkg --configure -a, kisha endelea. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, mfumo wowote uwao.

Karani wa AMCOS, Newala
Hoja ya flashi imenigusa, na mashine ya mapokezi nakubali ihamishwe. Lakini nani ataitengeneza fundi akiwa Mtwara na mimi Newala? Wa Windows wapo kila kona, wa Linux ni wa kutafutwa. Chama kisihame mpaka watu wawili wa ofisini wajue kuweka draiva na kurudisha nakala. Na chenye kompyuta moja tu kisiiguse mpaka mnada wa mwisho wa mazao upite na wakulima wote wawe wamelipwa.