Joto la Mombasa limezidi kweli, au ni maneno ya watu? Nataka kumhamisha mama

BintiNaguru (mwenye uzi)
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo hapa Kampala, na kuanzia Januari wananihamishia Mombasa. Mimi mwenyewe sina neno, wasiwasi wangu ni mama. Umri ni sabini na ushee, ana presha, na maisha yake yote amekaa Naguru. Akienda Soroti msibani anarudi analalamikia jua wiki nzima. Kumwacha peke yake siwezi.

Kila ninayemuuliza ananiambia Mombasa ya sasa si ile, joto limezidi. Mwingine ananicheka, eti Mombasa imekuwa tanuri tangu enzi za Wareno. Wanaojua naomba mnisaidie: limezidi kweli? Na mama niende naye Januari au asubiri? Nyumba ambayo dalali amenitumia picha zake iko Changamwe, ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati. Kodi yake ni nafuu.

Kikuubo_Jumla
Joto ni lile lile. Nashuka Mombasa kuchukua mali tangu miaka ya tisini, na hata wakati huo shati lilikuwa linalowa kabla sijatoka Mwembe Tayari. Watu wa siku hizi wamezoea viyoyozi vya ofisini. Mpeleke mama akale samaki.

TaniIshirini
Mzee wa Kikuubo, wewe unalala hoteli. Uliza sisi tunaolala kwenye lori Miritini tukingoja kupakia. Mchana tunauvumilia, balaa ni usiku. Zamani ikifika alfajiri unavuta shuka. Siku hizi Februari na Machi bodi ya kabini haipoi mpaka kunakucha. Pande zile zilikuwa na minazi na vichaka, sasa ni yadi za makontena na lami tupu. Hiyo nyumba ya Changamwe, dada, iangalie vizuri.

Mwalimu_Jinja
Nafundisha jiografia, mniwie radhi nikirefusha.

Kwanza, Mombasa haina kiangazi cha Juni kama Ulaya. Joto lake ni la kaskazi, Desemba hadi Machi, na kilele ni Februari na Machi, mchana ukifika nyuzi 32 au 33. Jua hupita utosini pale mara mbili kwa mwaka, karibu na wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kwa nini basi Oktoba haichomi kama Machi? Kwa sababu ya bahari. Oktoba maji bado yana ubaridi wa kusi. Machi yameshapata miezi ya kupashwa, na upepo wa kaskazi ndio unakata. Kusi ikiingia na mvua za masika, watu wanapumua.

Sasa swali lenyewe. Ndiyo, limezidi. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani upande wetu huu, joto la maji lilipanda kwa nyuzi 1.2 hivi kati ya 1901 na 2012, haraka kuliko bahari nyingine za tropiki. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema Afrika imekuwa ikipanda kwa nyuzi 0.3 kila miaka kumi tangu 1991. Mji ukikaa juu ya kisiwa, bahari ikipata joto, usiku wake utapoaje? Ongeza hayo ya TaniIshirini, lami na zege vinavyokunywa jua mchana na kulitapika usiku. Mabadiliko ya tabianchi na ujenzi wa mji yanakwenda pamoja, kwa hiyo tusibishane ni lipi.

Kikuubo_Jumla
Nyuzi moja ndiyo mnalilia hivi?

Mwalimu_Jinja
Nyuzi moja ya wastani, mzee wangu. Wastani ukipanda kidogo, zile siku na usiku wa kukosa usingizi huongezeka sana. Na kila nyuzi moja hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Februari tunaachana na Mombasa kwa nyuzi nne au tano tu, lakini usiku sisi tunashuka hadi 17 au 18 na wao wanabaki 24 au 25. Mama atakayoyaona mageni ni ya usiku.

Nesi_Arua
Mwalimu kasema kweli. Huku Arua Januari kipimajoto kinapita 30 na wazee wanakaa chini ya mwembe bila shida kubwa, maana hewa ni kavu.

Dada, kabla hamjasafiri mpeleke mama kwa daktari wake na dawa zote mkononi. Baadhi ya dawa za presha ni za kukojoza, na kwenye joto la jasho jingi mtu anaishiwa maji upesi. Asiache dawa wala kupunguza kwa kujiamulia, daktari ndiye apange. Halafu wazee hawasikii kiu kama sisi, kwa hiyo usingoje aombe maji. Ukiona kizunguzungu, kuchanganyikiwa au ngozi ya moto sana, hapo ni hospitali.

Kibokoni_Asili
Shoga, mimi nimezaliwa Mji wa Kale, nimeolewa Kampala, nakuambia kwa mapenzi: achana na hayo mabati ya Changamwe! Nyumba zetu za zamani zina kuta nene za mawe ya matumbawe, dari juu, vichochoro vyembamba visivyoona jua. Wazee walijua walichokijenga. Ukikosa huko, tafuta Kizingo au Tudor, ghorofa ya kati, madirisha ya mashariki. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki na kusi kusini-mashariki, dirisha hilo linakupa zote mbili. Mwulize dalali maji pia, mifereji inakauka siku nyingi na ya visima mengi ni ya chumvi. Utanunua ya mkokoteni.

Na hayo malalamiko ya watu, tuseme ukweli, Ramadhani nayo imo. Ya 2014 na 2015 tulifunga Juni na Julai, kipupwe. Ya 2024 na 2025 imetuangukia Machi. Mtu akifunga Machi ataapa dunia imewaka moto. Lakini hata mama yangu, ambaye hajawahi kulalamika, sasa anatandika mkeka barazani.

Mama asije Januari. Mlete Juni, kusi imeshatulia, azoee polepole mpaka kaskazi imkute mwenyeji. Na madafu kila asubuhi!

Nesi_Arua
Madafu mumwulize daktari kwanza. Yana potasiamu nyingi, na ziko dawa za presha zinazoipandisha mwilini.

Kibokoni_Asili
Haya nesi, hata dafu mmetunyima.

BintiNaguru
Mungu awabariki. Nimeongea na dada yangu wa Mukono, mama atakaa kwake mpaka Juni. Changamwe nimeikataa. Dalali sasa ana chumba na sebule Tudor, ghorofa ya pili kati ya nne, ila kodi ni karibu mara moja na nusu. Anasema madirisha yanatazama mkono wa bahari.

TaniIshirini
Tudor mkono wa bahari uko upande zaidi ya mmoja. Mwambie akupigie video saa mbili asubuhi. Jua likiingia sebuleni moja kwa moja, ni mashariki. Asipotaka kupiga muda huo, usitume hela.

Kikuubo_Jumla
Mama akifika Juni mtamnunulia sweta, mtaniambia.

Kibokoni_Asili
Julai wenyeji tunavaa kweli, mzee. Nyinyi wa bara ndio mnatushangaa.