Tenofovir pamoja na lamivudine kwa homa ya ini B: jaribio nilipangeje?

Mtafiti_Soweto (Moshi)
Wadau, habari za jioni. Naandaa andiko la utafiti wa uzamili. Wagonjwa wa homa ya ini B sugu wasio na VVU, makundi mawili: moja tenofovir 300 mg kwa siku, la pili tenofovir 300 mg na lamivudine 300 mg katika kidonge kimoja. Muda miezi 12, watu 60 kila kundi. Kigezo cha mafanikio ni virusi kutoonekana kwenye damu. Msimamizi kaniuliza swali moja tu: "Huu mchanganyiko unategemea ushinde nini?" Sina jibu. Nikosoeni kabla sijapeleka kamati ya maadili.

Ini_Moja (Arusha)
Msimamizi wako kagusa penyewe. Dawa zote mbili zinapiga sehemu ileile: kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kugeuza RNA yake kuwa DNA. Hazigusi DNA ya mviringo (cccDNA) iliyojificha ndani ya kiini cha seli ya ini. Hazigusi pia vipande vya kirusi vilivyojipachika kwenye kromosomu za mgonjwa, navyo vinaendelea kumwaga HBsAg (protini ya ganda la kirusi inayopimwa kwenye damu) hata wingi wa virusi ukisoma sifuri. Ndiyo maana mtu anameza tenofovir miaka kumi, virusi havionekani, na HBsAg bado chanya.

Lamivudine ikitumika peke yake, kufikia mwaka wa tano karibu 70% ya wagonjwa wana virusi sugu. Tenofovir haina tatizo hilo kwa kiwango cha kuleta wasiwasi, kwa hiyo lamivudine haina pengo la kuziba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaruhusu kidonge cha mchanganyiko pale tenofovir ya peke yake inapokuwa ngumu kupatikana. Sababu ni stoo ya dawa, nguvu ya ziada haimo. Makundi yako yote mawili yatashusha virusi karibu sawasawa, na utamaliza mwaka mzima ukiwa na grafu mbili zilizolaliana.

Mchanganyiko wenye maana ni ule ambao kila dawa inapiga mahali pake: moja inazuia kirusi kujizalisha, nyingine inapunguza antijeni au inaamsha kinga ya mwili. Na kigezo kiwe HBsAg kupotea na DNA kutoonekana wiki 24 baada ya kuacha dawa. Hicho ndicho watu wa ini wanakiita kupona kiutendaji.

Hesabu_za_Njiro
Niongezee namba. Jaribio kubwa la tenofovir na interferoni yenye pegi (sindano ya kuamsha kinga ya mwili, alfa-2a, mikrogramu 180 chini ya ngozi mara moja kwa wiki) lilichapishwa 2016, washiriki 740. Kufikia wiki ya 72, HBsAg ilipotea kwa 9.1% ya waliopata zote mbili kwa wiki 48. Waliopata interferoni peke yake 2.8%, waliochanganya wiki 16 tu kisha wakabaki na tenofovir 2.8%, tenofovir peke yake 0.

Sasa piga hesabu. Kutofautisha 9% na 3%, nguvu ya 80% (uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa ipo) na alfa 0.05 pande mbili (kiwango cha kukubali kosa la kubahatisha), unahitaji watu kama 242 kila kundi. Ukitegemea 10% watapotea njiani ni 269, jumla 538. Wewe una 120. Hata dawa ikifanya kazi, hutaiona.

Tahadhari nyingine: katika jaribio lile wenye jenotaipu A (ukoo wa kijeni wa kirusi) ndio waliofanya vizuri zaidi, na sisi huku A ndiyo tuliyo nayo kwa wingi. Usishangilie mapema. A ya Ulaya ni A2 hasa, yetu ni A1. Usiihamishie 9.1% Kilimanjaro kama ilivyo.

Benchi_la_Sampuli
Upande wa maabara, mambo yanayoharibu tafiti hizi ni madogo madogo.

HBsAg ipimwe kwa kiasi (IU/mL). "Chanya/hasi" ya kipimo cha haraka haitoshi. Mashine za aina ya Architect zinasoma 0.05 hadi 250 tu, na wagonjwa wengi wana maelfu. Lazima uzimue, 1:500 ndiyo kawaida. Asiyezimua ataandika ">250" kwa kila mtu mwaka mzima, na utakuwa huna data. Badiliko lihesabiwe kwa log10.

Damu ya wingi wa virusi iingie kwenye chupa ya EDTA, plazma itenganishwe siku hiyohiyo kituoni, ndipo isafiri na barafu. Chupa ya damu nzima iliyoshinda kwenye Noah kutoka Karatu haina thamani. Gawanya plazma vikopo viwili vitatu kabla ya kugandisha, maana kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaharibu.

Kabla ya kidonge cha kwanza: VVU, homa ya ini C na D, kreatinini, fosfeti, picha kamili ya damu, na vimeng'enya vya ini ALT na AST. VVU usiruke. Mwenye VVU ukimpa tenofovir peke yake unamtengenezea usugu wa VVU. Ukitaka APRI (alama ya kukadiria kovu la ini): AST gawanya kwa kikomo cha juu cha maabara yako, zidisha 100, gawanya kwa chembe sahani (×10⁹/L).

Halafu panga mahudhurio ukikumbuka Desemba. Watu wanarudi kwao migombani, mbege (pombe ya ndizi) inatembea, na Januari utaona ALT zimepanda ukadhani ni dawa. Weka swali la pombe kwenye kila fomu.

Mtafiti_Soweto (Moshi)
Asanteni sana wakuu. Nimeelewa kwamba swali langu lilikuwa bovu. Nikiingiza interferoni kwa watu wachache, kama jaribio la awali?

Ini_Moja (Arusha)
Inawezekana, ila jua unachobeba. Sindano zikae nyuzi 2 hadi 8 na zisigande; umeme ukikatika usiku nani anaangalia friji? Mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi haruhusiwi kabisa. Sonona iulizwe kila hudhurio. Neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) zikishuka chini ya 750, dozi inapungua hadi mikrogramu 135. Chini ya 500 simamisha. Chembe sahani chini ya 50,000 dozi ni 90, chini ya 25,000 acha. Waafrika wengi wenye afya wana neutrofili za chini kimaumbile, kwa hiyo ukinakili sharti la kuingia la 1,500 kutoka andiko la Ulaya utawafukuza watu wazima wasio na tatizo lolote.

Usidhani pia kila mchanganyiko ni salama. Telbivudine (dawa nyingine ya kuzuia kirusi hiki) na interferoni zilipounganishwa zilileta ganzi kali ya neva na jaribio likasimamishwa. Na hatari kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Katika jaribio la REEF-2, mgonjwa mmoja wa kundi la kulinganishia aliachishwa tenofovir, virusi vikarudi kwa kishindo, akaishia kupandikizwa ini. Sisi upandikizaji wa ini hatuna. Ukiachisha, pima ALT na DNA kila wiki nne kwa wiki 24, na andika mapema ni namba gani inakurudisha kwenye dawa. Mwenye kovu kubwa la ini usimwachishe.

Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) vyote vinahitajika kwa jaribio la dawa, pamoja na bima ya washiriki. Kwa bajeti ya uzamili, mimi ningeacha kugawa dawa kabisa. Chukua watu walio tayari kwenye tenofovir, wenye VVU wanaomeza TLD (kidonge cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir) na wasio na VVU, pima HBsAg kwa kiasi mwezi 0, 6 na 12, ulinganishe inavyoshuka. Jenotaipu pima kabla ya dawa au kwenye plazma ya zamani iliyohifadhiwa, maana virusi vikishashuka hutapata cha kusoma.

Benchi_la_Sampuli
Ukienda njia hiyo, tuma vipimo vyote vya HBsAg kwenye mashine moja na loti moja ya vitendanishi kwa kadiri unavyoweza. Gandisha vya mwezi 0, subiri, pima vyote pamoja mwishoni.