Gitaa la marehemu baba, daraja limeng'oka: epoksi, gundi ya ngozi, au nibadilishe nyuzi tu?

MwanaKibokoni
Asalaam aleikum ndugu zanguni. Nnalo gitaa la marehemu baba, alilinunua kwa baharia bandarini Kilindini mwaka 1968. Limekaa juu ya kabati miaka mingi na nyuzi zake za chuma zimekazwa vilevile. Sasa daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi, limeinuka upande wa nyuma, karatasi inapita chini yake hadi katikati. Uso umevimba nyuma ya daraja, na kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vya shingoni) nyuzi ziko juu milimita 5, vidole vinauma.

Seremala mmoja ataka kulishika kwa epoksi na skurubu mbili. Mwengine asema gundi ya ngozi, ile itokanayo na ngozi za wanyama. Shemeji yangu asema lisiguswe, nitie nyuzi za nailoni nipige hivyo hivyo. Na wote watatu wanataka lipigwe msasa lipakwe vanishi mpya. Mimi nataka liimbe kama alivyokuwa akilipiga baba barazani. Nifuate lipi?

FundiLikoni
Waaleikum salaam. Kabla ya yote, legeza nyuzi leo hii. Seti ya kawaida ya chuma, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa 0.012 ya inchi, huvuta zaidi ya kilo 70, na mzigo huo wote sasa umebebwa na nusu ya gundi.

Epoksi na skurubu mimi sikubali. Uso wa gitaa una unene wa milimita 3 hivi. Ukiutoboa na kuubana kwa skurubu, mbao hupasuka kufuata nyuzinyuzi zake. Na epoksi ikishanyonywa na mbao haitoki tena safi, kwa hivyo fundi atakayekuja baadaye atalazimika kung'oa na mbao.

Gundi ya ngozi hukauka ngumu kama kioo, haivutiki chini ya mzigo, na siku ukitaka kuifungua unatumia joto na maji kidogo. Kazi yake ndiyo ngumu. Iwe na joto la sentigredi 60 hivi, ikichemka imeharibika. Ukishaipaka huna hata dakika moja kabla haijaanza kuganda, kwa hivyo klampu zote, yaani vibanio, uzijaribu kwanza pakavu bila gundi, na mbao uzipashe joto. Gundi ya zamani ikwanguliwe yote hadi mbao tupu. Kisha gitaa likae kwenye klampu siku nzima.

BintiTudor
Kaka, nailoni nilishazijaribu kwenye gitaa la chuma. Ni kweli huvuta karibu nusu tu ya chuma, kwa hivyo daraja hupumzika. Lakini uso ulioundwa kwa chuma ni mgumu, nyuzi laini haziwezi kuutikisa. Sauti ilikuwa kama mtu anayeimba ndani ya blanketi. Baada ya kulitengeneza, tia chuma nyembamba za 0.011.

Msasa nakuomba sana usipige. Unaula uso, na vanishi nene mpya huzima sauti. Isitoshe, alama za vidole vya baba ziko pale. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

MzeeMajengo
Wanangu, mimi ni mtu wa udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, na hapo kwenye gundi natofautiana kidogo na fundi. Ala za mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa hii ni nadra kushuka hapo, na masika ndiyo kabisa. Gundi ya ngozi hunywa unyevu na huota kuvu. Mimi ningetumia gundi ya mbao ya kisasa, ile ya manjano.

FundiLikoni
Mzee wangu, hoja yako ya unyevu ni ya haki. Lakini udi nyingi za zamani zilishikwa kwa gundi hiyo hiyo ya ngozi, na ziko hai hadi leo Mji wa Kale. Ya manjano nayo hulegea kwenye joto, na mabaki yake hukataa gundi mpya. Nakubaliana nawe kuhusu majira: kazi isifanywe wakati wa mvua.

MwanaKibokoni, hebu ingiza kioo kidogo tunduni, umulike na simu. Mbavu za ndani, vile vijiti vinavyoushikilia uso, zikoje?

MwanaKibokoni
Nimetazama. Mbavu zimepandana kama msalaba, na mmoja, chini kidogo ya daraja, umeachana na uso. Nikiugonga kwa kidole watoa mlio wa kukwaruza.

FundiLikoni
Basi uvimbe umetoka hapo. Ukibandika daraja juu ya uso uliovimba, litang'oka tena. Ubavu kwanza, uso urudi chini, daraja baadaye, ndipo tupime tena freti ya 12. Ikibaki milimita 5, ni shingo inayotaka kufunguliwa na kupangwa upya. Yeyote asikuchongee daraja ili ashushe nyuzi.

MzeeMajengo
Hapo umenena, fundi. Mwanangu, kwa sasa litoe juu ya kabati, karibu na dari ni joto. Liweke kwenye sanduku na vifuko vya kufyonza unyevu, mbali na ukuta wa nje.

MwanaKibokoni
Ahsanteni sana. Nyuzi nimeshazilegeza. Gundi ya ngozi nimeiridhia, na vanishi haipakwi. Fundi, mvua zikikatika naweza kukuletea?

FundiLikoni
Lete. Vuka na feri ya asubuhi, na ulibebe mkononi. Usiliache ndani ya gari juani hata dakika kumi, ile gundi iliyobaki italainika.