Mrejesho: spika za nyuma zimeamka

Wakuu, ni mimi yule wa Ntinda, Kampala, niliyelalamika kuwa spika mbili za nyuma zinakaa kimya kila nikiunganisha kompyuta na amplifaya. Aliyesema kosa ni waya alipatia. Nilikuwa natumia ule wa tundu la hedifoni, kumbe unabeba chaneli 2 tu, kushoto na kulia. Nikaweka waya wa HDMI, unaobeba chaneli nyingi za sauti. Bado kimya! Nusura niurudishe dukani. Kumbe Windows ya kompyuta ilibaki kwenye stirio, yaani sauti ya chaneli 2; nikaibadilisha kuwa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, nikabonyeza kitufe cha kujaribu, spika moja moja ikaitika. Ya nyuma kushoto ilikwaruza kidogo, panya walikuwa wameonja waya wake. Nyimbo za kawaida bado zinatoka mbele tu, maana zilirekodiwa kwa chaneli 2. Asanteni, ba ssebo ne ba nnyabo (mabwana na mabibi).