Final Fantasy Tactics: kwa nini klasi zinakula sifa za wahusika wetu kimyakimya?

Wakuu, salaam.

Tangu gemu hii irudishwe upya mwaka 2025, humu ndani wageni wamejaa na swali lao ni moja: nianze na klasi gani? Na jibu la wakongwe nalo ni moja: "Chagua unayoipenda, zote zinafaa." Jibu hilo ni uongo. Wanaolitoa wanajua ni uongo, maana hao hao ukiwakuta kwenye nyuzi za wazoefu wanabishana kuhusu namba ambazo mgeni hajawahi kuonyeshwa. Nimevumilia vya kutosha. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa maswali ya wageni, una jambo lake.

Nianze na haki ya gemu yenyewe, kwa sababu naipenda na hasira yangu inatoka hapo hapo. Final Fantasy Tactics ilitoka Japani mwaka 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, chini ya uongozi wa Yasumi Matsuno. Mwaka 2007 ikaja War of the Lions, toleo lake lililoboreshwa, kwenye PSP, na baadaye ikaingia kwenye simu, ambako wengi wetu ndiko tulikoijulia. Unaongoza kikosi cha Ramza, mhusika mkuu, ndani ya nchi ya Ivalice. Askari wako wanaanza na klasi, yaani fani ya vita, ya Squire au Chemist, kisha klasi moja inafungua nyingine. Toleo la kwanza lina klasi 20 za askari wa kawaida. Kila tendo vitani linakupa pointi za uzoefu zinazopandisha leveli, pamoja na JP, yaani pointi za klasi unazonunulia ujuzi. Ujuzi ulionunua kwenye klasi moja unauvaa ukiwa kwenye nyingine. Knight anaweza kutibu kwa uchawi, mchawi anaweza kujifunza kukwepa mapanga. Hakuna gemu nyingine iliyonifanya nikae nimetazama menyu kwa raha namna hiyo.

Sasa sikilizeni kinachofichwa.

Askari wako akipanda leveli, sifa zake zinaongezeka kufuatana na klasi aliyoivaa muda ule ule. Ongezeko hilo linabaki mwilini mwake moja kwa moja. Ukibadilisha klasi kesho, ukuaji wa jana haubadiliki. Na namba zinazoamua ukuaji huo haziko popote kwenye skrini. Ukienda kuchagua klasi utaona picha, jina, maelezo mafupi na masharti ya kuifungua. Kitakachompata mtu wako akikaa humo leveli thelathini, hakuna anayekwambia.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ingeingia kwenye mstari mmoja wa menyu. Jumlisha namba ya klasi na leveli uliyopo, gawanya sifa yako kwa jumla hiyo, na jibu ndilo unaloongezewa. Namba ikiwa ndogo, unakua sana. Kwa HP, yaani uhai, Knight ana 10. Bard, yule mwimbaji, ana 20. Fanyeni hesabu mtoke leveli 1 hadi 50: kwa namba ya Knight HP ya msingi inakua mara tano na zaidi, kwa namba ya Bard inakua mara tatu na kidogo. Askari wale wale, vita vile vile, jasho lile lile. Mmoja anatoka mwamba, mwingine anaanguka kwa kipigo kimoja, na kosa la mwenye kuanguka ni kupenda muziki.

Halafu angalieni hiyo Bard inapatikanaje. Kwenye War of the Lions unatakiwa kwanza uifikishe Summoner leveli 5 na Orator leveli 5 (hizi ni leveli za klasi, si za askari mwenyewe). Ni kazi ndefu. Mtu anapambana, anaifungua, anafurahi, anasema sasa nimefika, na anaanza kukaa humo ili aifaidi. Kumbe kila leveli anayopanda humo inamdhoofisha akilinganishwa na wenzake waliobaki na upanga wa kawaida. Dancer, ambaye ni wa askari wa kike peke yao, ni yale yale: Geomancer 5, Dragoon 5, halafu ukuaji wa HP ni ule ule wa 20. Gemu inakupa zawadi ya kukuangusha, na haisemi neno.

Na kati ya zile klasi 20, yenye ukuaji bora wa HP kuliko zote ni ipi? Mime. Kwa HP namba yake ni 6, inampita hata Knight. Hiyo Mime masharti yake ni Squire 8, Chemist 8, kisha Summoner, Orator, Geomancer na Dragoon zote 5. Ukiipata haivai silaha, haivai mavazi, haichukui ujuzi wa klasi nyingine, inaigiza tu wanachofanya wenzake. Kwa hiyo anayetaka sifa nzuri anatakiwa akae kwenye klasi isiyochezeka kwa raha, na anayecheza kwa raha analipa kwa sifa zake. Huo ndio mpangilio tunaoambiwa "zote zinafaa".

Kuna jingine lililonichefua kuliko hayo. Mtu mwenye akili timamu akitaka mchawi mkali atamwacha akue kwenye klasi ya uchawi, si ndiyo? Sasa jueni kwamba namba ya ukuaji wa nguvu za uchawi ni 50 kwa Black Mage, na ni 50 hiyo hiyo kwa Knight. Mchawi wako aliyeshinda kwenye vitabu tangu leveli ya kwanza hajaongeza hata chembe ya nguvu za uchawi kuliko angeshinda amebeba ngao. Amepata MP nyingi, yaani akiba ya kurushia uchawi, sawa, hilo nalikubali. Lakini HP yake imekua kwa namba 12 badala ya 10. Uchawi wake unapiga kwa nguvu kwa sababu ya kizidisho cha klasi aliyoivaa vitani. Kukulia humo hakukumwongezea nguvu hiyo. Nani angeweza kukisia hivyo kwa kusoma maelezo ya menyu?

Kasi ndiyo usiseme. Klasi nyingi zina 100, Thief ana 90, Ninja ana 80. Binadamu anaanza na kasi 6 hivi. Akikulia kote kwenye klasi ya kawaida hadi leveli 99 anafika 11, akikulia kwenye Ninja anafika 13. Msioijua gemu mtasema mbili ni kitu gani. Zamu ya kucheza inakuja kipimo chako kikifika 100, na kila hatua ya saa ya vita kinaongezeka kwa kiasi cha kasi yako. Mwenye 11 anafika baada ya hatua 10, mwenye 13 baada ya 8. Huyo wa pili anapata zamu tano wakati wa kwanza anapata nne. Kwenye gemu ya zamu, hicho ndicho kila kitu.

Najua watakuja wa kusema tofauti hizi hazionekani, kwamba hadithi inaisha kabla ya leveli za juu. Nawajibu kwa jina moja: Wiegraf. Ngome ya Riovanes. Gemu imekufundisha saa zote hizo kujenga kikosi cha watu watano wanaosaidiana, huyu anatibu, yule anapiga kwa mbali. Ghafla Ramza anaachwa peke yake chumbani na adui huyo, Wiegraf, na ukimshinda unamkuta akigeuka jitu la kishetani, Belias. Aliyemlea Ramza kama mchawi dhaifu kwa sababu ndiyo klasi aliyoipenda anafanya nini hapo? Mtasema arudi akapandishe leveli. Kwenye matoleo ya kabla ya 2025, kama ali-save katikati ya mapigano ya ngome ile, na gemu yenyewe ndiyo inayokualika u-save, hakuna kutoka kwenda kwenye ramani. Watu wamepoteza faili zao zote pale. Wengine hawakurudi tena kwenye gemu hii, na siwalaumu.

Na huko kupandisha leveli kwenyewe ni mateso. Njia wanayofundishana wakongwe ni kumbakiza adui mmoja, kumzungushia ukuta wa watu, halafu askari wako mwenyewe kumpiga mawe mwenzake zamu kwa zamu ili wakusanye JP. Hiyo ndiyo mnaita kucheza? Na kila jiwe linapandisha leveli pia, na maadui wa njiani wanapangwa kulingana na leveli zako. Ukijilundikia leveli ukiwa kwenye klasi yenye ukuaji mbovu, wao wanapanda nawe, ila mwili wako haupandi kama wao.

Wazoefu wana dawa yao ya siri: mtego wa Degenerator. Unamvalisha askari klasi mbovu kama Bard, unamkanyagisha mtego ashuke leveli, anapoteza sifa kidogo kwa sababu klasi hiyo inakata kidogo kama inavyoongeza kidogo. Unambadilisha awe Ninja au Mime, anapanda, anapata zaidi. Unarudia mpaka sifa zivimbe. Ni ujanja mkubwa, aliyeugundua namvulia kofia. Lakini unathibitisha ninachosema: mlango wa kutengeneza mwili wa mhusika upo, ila umejengwa nyuma ya nyumba, na mwenye ufunguo ni aliyesoma miongozo ya watu waliochimbua msimbo wa gemu.

Msiniambie pia kwamba gemu za Kijapani za zamani zote zilikuwa hivyo. Dragon Quest III ni ya mwaka 1988. Ukitaka kubadili klasi lazima ufike leveli 20, unarudishwa leveli 1, sifa zinakatwa nusu na uchawi uliojifunza unabaki nao. Bei kali kweli, lakini unaiona usoni mwako siku ile ile unayolipa, na unaamua. Ukali sina ugomvi nao.

Na wala msiniambie haiwezekani kurekebisha. Final Fantasy XII: The Zodiac Age ilipotoka kwenye PS4 mwaka 2017, kila mhusika alichagua klasi mbili kati ya 12 na ndiyo basi, hakuna kurudi, na ilibidi uchague mapema kabla hujajua mkuki na katana vina tofauti gani. Watu walilalamika. Toleo la Switch na Xbox One mwaka 2019 likaja na njia: unakwenda kwa mhusika aitwaye Montblanc mjini Rabanastre, ndani ya gemu, anakufutia klasi, unachagua upya. PS4 na PC nazo zikapata mwaka uliofuata. Gemu haikuharibika. Haikuwa rahisi kupita kiasi. Watu walianza kujaribu michanganyiko ambayo awali hakuna aliyethubutu kuigusa.

Ninachotaka kwa gemu za aina hii ni kidogo sana. Weka namba ya ukuaji pembeni ya jina la klasi, pale pale kwenye menyu ya kuchagua. Basi. Anayetaka kukaa Bard akae Bard akijua.

Kwa mgeni aliyefika hadi hapa: cheza klasi zako kwa uhuru leveli zikiwa chini, tofauti bado ni ndogo. Ukianza kujilundikia leveli kwa makusudi, usifanye hivyo ukiwa Bard, Dancer au Arithmetician (mchawi wa hesabu). Mvalishe mtu wako Knight au Monk kwa ajili ya HP, Ninja kwa ajili ya kasi, halafu mrudishe kwenye klasi unayoitaka ukishamaliza. Ukifika Riovanes, save kwenye nafasi tofauti na ile uliyotumia nje ya ngome, na Ramza awe na njia ya kujitibu mwenyewe.

Wakongwe, mkitaka kunipinga njooni na namba. Mwenye kuandika "zote zinafaa" humu aseme pia Bard wake ana HP ngapi kwenye leveli 50.